Utepe Hauna Macho

Duka langu lina upana wa kitanda na nusu.
Cherehani dirishani, kioo, pazia la kijani,
hita inayonuka vumbi kila Novemba.
Bielawa ulikuwa mji wa viwanda vya nguo;
zimebaki dohani, na mimi,
na sindano.

Nashona sidiria. Mwaka wa thelathini na moja huu.
Nayajua matiti ya mji kama tarishi ajuavyo milango:
ya mwalimu wa hesabu, yaliyonyonyesha mapacha;
ya mke wa mwoka mikate, moja kubwa, jingine dogo;
ya Bi Genowefa, miaka themanini na minne,
anayetaka lesi nyekundu, na usimuulize ya nini.
Nazungusha utepe, natamka namba, naandika.
Utepe hauna macho. Mimi ninayo.

Ndiyo maana hili nalisema polepole.

Wiesława Kurek alikuja mwezi wa Machi.
Binti yake anaolewa, anataka kitu cha kuvaa ndani ya gauni.
Alipoinua mikono nimpime
niliona, kushoto, chini kidogo ya chuchu,
ngozi imeingia ndani,
kama kitambaa kilichovutwa na uzi
ulionasa upande usioonekana.

Fundi yeyote anajua: kitambaa kikijikunja hivyo
usipige pasi. Geuza. Tazama nyuma.
Mimi nilipiga pasi.
Nikasema, "Themanini na tano."
Nikasema, "Rangi ya maziwa itakupendeza."
Adabu ilinishika ulimi,
na adabu huweza kuua
bila kupandisha sauti.

Alirudi baada ya mwaka na miezi minne.
Alivua bila kuvuta pazia.
Kushoto palikuwa na mstari,
mshono mzuri, niseme kweli, mkono wa fundi hodari.
"Nitilie mfuko kwa ndani," akasema, "wa titi la mpira."
Titi lenyewe lilikuwa kwenye kikapu, chini ya vitunguu.
Tulicheka. Kisha yeye akaendelea, mimi nikashindwa.
Nikamwambia nilichokiona Machi ile.
Alinyamaza kwa muda wa kushona pindo moja.
"Hata mimi nilikiona," akasema. "Bafuni, kabla yako.
Nilidhani tukikinyamazia kitachoka."

Basi la picha za matiti huja mara mbili kwa mwaka,
jeupe, huegeshwa kando ya kituo cha zimamoto.
Miaka tisa nimebandika tangazo lake kwenye kioo cha mlango,
maandishi yakitazama nje.
Ndani, nyuma ya cherehani,
mimi na miaka yangu hamsini na tisa
tulikuwa tunauona mgongo wake tu.

Alhamisi nilifunga duka.
Wiesława alinisindikiza, kanishika kiwiko kama polisi.
Binti wa mashine aliomba radhi kwa ubaridi wa mikono,
akalibana titi langu kati ya vibao viwili
likawa bapa kama andazi lililokaliwa.
"Usipumue."
Sikupumua. Moja, mbili, tatu, nne.
Sekunde nne.
Hizo ndizo nilizokuwa nikizikimbia miaka tisa.

Barua haijafika. Nasikia baiskeli ya posta
hata ikiwa mtaa wa tatu.

Siku hizi mteja akiinua mikono
utepe nauacha uning'inie kwanza.
Mara ya mwisho ulijitazama lini? Ulitazamwa na nani?
Wengine hununa. Mmoja aliondoka, akaacha hata malipo ya awali.
Bi Genowefa alisema umri wa basi umeshampita;
nikamwambia umri wa kioo haujampita,
akanitukana vizuri, akajitazama.

Na leo asubuhi, mwanamke nisiyemjua,
kijana, mvua ikimdondoka nyweleni,
alitaka sidiria ya michezo, haraka, ana gari nje.
Akainua mikono.
Nikaweka pini mezani, moja moja.
"Hapa," nikasema, na sauti sikuishusha.
"Hapa. Umepaona?"
Alipaona.
"Zahanati hufungwa saa kumi. Koti lako hili."